Maji ya Uani kwa Fundi Ndoo

Walimwita Fundi Ndoo, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila alipoitwa kujenga, kabla hajafunga kamba ya kwanza, mwashi huyu aliomba ndoo ya maji, akaimwaga upande wa juu wa kiwanja, kisha akayafuata maji polepole, mikono nyuma, kama anayesindikiza mgeni. Yakishamwonyesha yanakoelekea, ndipo aliposema mfereji upite wapi na shimo la kupotezea maji lichimbwe wapi. Mwenye nyumba akinung'unika kwamba shimo la mawe ni usumbufu mtupu, alimwambia kila paa jipya lina maji yake, na maji hayo lazima yawe na kwao. Miaka ishirini na minane aliwaambia watu hivyo.

Kiwanja chake mwenyewe kilikuwa cha urithi, kimeinama. Juu aliishi yeye na mkewe. Chini, hatua arobaini tu, aliishi dada yake mkubwa, katika nyumba ya matofali ya udongo waliyoachiwa na baba. Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka sita, dada kumi na mitano, na dada akaacha shule ili mdogo wake asome. Haikupita siku fundi hajashuka kunywa chai kwake. Akichelewa, dada alimtania kwamba siku hizi amekuwa mkubwa, anahitaji kuandikiwa barua.

Basi, mwanawe akapata mchumba, na fundi akaamua kumjengea vyumba viwili nyuma ya nyumba. Kilikuwa kiangazi kikali, ardhi imepasuka. Akamwaga ndoo yake kama kawaida. Maji hayakufika hata hatua tatu. Udongo uliyanywa yote. Akamwaga ya pili, ikawa yaleyale. Fundi akacheka, akasema ardhi ya kwao ina kiu, shimo la nini tena. Dada yake alikuwa amesimama hapo na ufagio mkononi.

"Mdogo wangu, ardhi kavu si ya kupimia," alimwambia. "Na hilo paa litatazama kwangu."

"Dada, hii ni kazi yangu," alimjibu, tena mbele ya vibarua.

Dada hakubishana. Aliondoka akaendelea kufagia kwake, na fundi akajiona ameshinda.

Halafu, harusi ikikaribia, akafanya jambo ambalo kibarua wake yeyote angegombezwa kwa kulifanya. Alipiga sakafu ya saruji uani kote, kutoka nyumba kubwa hadi ile mpya, ili bibi harusi asikanyage tope. Udongo uleule aliousifu kwa kiu aliuziba kwa mikono yake, na ndoo hakuimwaga tena. Mfereji angeuchimba harusi ikipita. Harusi ikapita, kazi za watu zikamwita, leo na kesho zikafuatana. Mganga hajigangi, sawa, tumezoea kusema hivyo. Lakini mganga anayemuumiza mwingine tumwiteje?

Mvua kubwa ya kwanza ilishuka mchana. Mapaa mawili na sakafu nzima vikakusanya maji, vikayatuma chini kwa pamoja. Fundi alikuwa barazani, akaona, na papo hapo akajua. Alishuka mbio na jembe, akachimba mtaro kama mwendawazimu, mvua ikimpiga mgongoni, lakini alikuwa amechelewa. Ukuta wa chumba cha dada ulishalainika chini. Uliinama taratibu, ukaangukia kitanda. Kwa bahati dada alikuwa jikoni. Alimkuta amesimama ndani ya maji, amekumbatia mfuko wa unga usilowe. Hakumgombeza hata kwa neno moja. Fundi aliumia sana, afadhali angetukanwa.

Wiki hiyo binti ya dada, anayeishi mji mwingine, akaja kumchukua mama yake. Mtaani hawakunyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema, na huyu kazi zote mbili anazijua. Fundi aliyasikia, akainamisha kichwa.

Miezi minne alifanya kazi bila kupumzika. Alivunja nusu ya sakafu, akapanda nyasi. Akafunga mifereji ya bati kwenye mapaa yote mawili, akachimba shimo la kina cha mtu na nusu, akajaza mawe makubwa chini na kokoto juu. Ukuta wa dada aliujenga upya kwa matofali ya kuchoma. Mvua ziliporudi, alijifungia chumbani kwa dada peke yake mpaka mvua ya kwanza ikakatika, akipapasa sakafu kwa kiganja. Pakavu kabisa. Kesho yake akapanda gari kumfuata.

Alimkuta uani kwa binti yake, anachambua mboga, amenenepa kidogo. Akamweleza yote, akamwambia hata tone halikuingia. Akamwomba radhi kwa maneno aliyoyakariri njia nzima, na katikati yake akalia. Dada akamfuta machozi kwa upindo wa nguo yake.

"Nilikusamehe siku ileile," alisema. "Na najua umejenga vizuri. Wewe ni fundi."

"Basi twende nyumbani, dada."

Dada akatupa bua la mboga pembeni, akachukua jingine.

"Huku mvua ikinyesha, mimi napata usingizi," alisema.

Fundi akavuta kigoda, akamsaidia kuchambua mboga mpaka saa ya gari la kurudi.