Ishengoma, fundi cherehani anayewapanga upya mabondia wa zamani

Ni asubuhi ya Januari, wiki ya kufungua shule, na kibaraza cha duka moja la vitambaa eneo la Bakoba, mjini Bukoba, kimejaa wazazi. Ishengoma Ndyamukama anakanyaga cherehani kwa mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda, maana goti haliwezi kukunjika.

"Mama, sketi yako hii hapa. Mtoto akirefuka kabla ya Pasaka usije kunilaumu," anamwambia mteja, na kibaraza kizima kinacheka.

Wengi wanaosubiri nguo hapa hawajui kwamba fundi huyu mwenye umri wa miaka 61 ana kazi ya pili, isiyomwingizia hata shilingi. Kila Jumapili, nyumbani kwake Kitendaguro, anaendesha ligi ya ndondi. Ulingo ni meza ya chakula. Mabondia ni kadi zilizokatwa kwenye maboksi, kila moja ikiwa na jina la mtu aliyewahi kupigana kweli huku Kagera, tangu miaka ya sabini hadi tisini.

Baadhi yao ni marehemu, waliobaki ni wazee. Mezani wote ni vijana tena, na bondia wa mwaka sabini na nne anaweza kupambanishwa na wa themanini na tisa.

Kila kadi ina alama za vitu vitatu: ngumi, pumzi na kidevu. Kidevu ni uwezo wa kupigwa na kubaki umesimama. Wachezaji wanarusha dado, wanajumlisha na alama za kadi, raundi kwa raundi, mpaka mmoja aanguke au ashindwe kwa pointi. Jumamosi inayofuata Krismasi wanakutana kupitia upya viwango vya mwaka mzima. Siku hiyo huamuliwa nani apande, nani ashuke, na kadi ya nani irekebishwe.

"Siku ya viwango mke wangu anapika kama kuna posa," anasema Ishengoma. "Watu wanakasirika siku hiyo, na mwenye njaa anakasirika zaidi."

Yeye mwenyewe alipigana uzani wa bantam enzi za ujana wake, huku akibeba magunia ya kahawa ghalani ili apate chakula. Katika ligi yake yuko nafasi ya kumi na moja. Anasema hapo panamtosha, na kuna mwaka alishuka hadi kumi na nne.

Ligi ilizaliwa katika shida. Tetemeko la ardhi la Septemba 2016 lilipopiga Bukoba, ukuta wa jikoni ulimwangukia mguuni. Mfupa uliunga, goti likagoma. Kazi ya magunia ikaishia hapo.

"Nilikaa ndani miezi mingi, sitaki kuona mtu. Mtu akibisha hodi nageukia ukutani," anakumbuka.

Wawili hawakukubali kufukuzwa. Mmoja ni Twaibu, mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwa vya Muleba, ambaye zamani alikuwa mpiga kengele katika mapambano ya ndondi. Wa pili ni Kahangwa, bondia aliyewahi kuzichapa na Ishengoma kisha wakawa kama ndugu. Twaibu alileta samaki. Kahangwa alileta ubishi: kati ya bondia fulani na fulani, wangekutana wakiwa bora, nani angeshinda?

"Tulibishana hadi nikasahau kugeukia ukutani," anasema Ishengoma. "Kesho yake Kahangwa akaja na dado za ludo ya wajukuu wake. Akakata boksi la sabuni, akaandika majina. Akasema, sasa tumalize."

Kazi mpya ilitoka kwa mke wake, Annastella, ambaye amekuwa fundi wa nguo tangu ujana. "Nilimwambia, Baba Celina, umevunjika mguu, mikono unayo," anasema mama huyo. "Nikamkalisha kwenye cherehani yangu. Shati la kwanza lilikuwa na mkono mmoja mrefu. Alilivaa yeye mwenyewe kanisani."

Leo msimu wa shule humpatia hadi shilingi elfu ishirini kwa siku, ingawa kuna wiki za Machi na Aprili anazorudi nyumbani mikono mitupu. Kwa cherehani hiyo jiko limejengwa upya, na safari hii kwa matofali ya kuchoma.

Mwaka uliopita nusura uizike ligi. Mwezi Mei, Kahangwa aliugua ghafla na kufariki. Ilipofika Desemba, wakati watu wa Bukoba wanahangaika kukamata senene, panzi wa kuliwa, Twaibu alikuja na ombi. Kadi ya Kahangwa ilikuwa imekaa nafasi ya pili kwa miaka kadhaa, nyuma ya bondia mmoja wa visiwani aitwaye Ndalahwa. Twaibu alitaka safari hii Kahangwa apewe namba moja, kwa heshima yake.

Ishengoma alikataa. Kanuni ya kutompandisha mtu kwa kumhurumia ilitungwa na Kahangwa mwenyewe, na mezani alikuwa hajawahi kumshinda Ndalahwa.

"Twaibu akaniambia, 'Rafiki yetu amekufa, na wewe unanihesabia dado?' Akachukua kofia yake akaondoka," anasimulia Ishengoma, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mguu wake unaacha kukanyaga. "Maneno yale yaliniuma. Huyu ndiye mtu aliyenitoa ukutani."

Jumapili mbili Twaibu hakutokea. Uamuzi wa viwango ulihitaji kura tatu, nao walibaki wawili, tena wasiosemezana. Ishengoma alizifunga kadi kwenye kitambaa na kumwambia mke wake kwamba ligi imekwisha.

"Alizifunga, ndiyo," anasema Annastella. "Lakini kila jioni nilimkuta amezifungua."

Suluhu ilitokea mahali ambapo hakuna aliyeitafuta, sokoni Muleba. Twaibu alikuwa akipima dagaa huku akimwagia hasira zake mfanyabiashara wa meza ya jirani. Alisema kwa sauti kwamba rafiki yake amekuwa mgumu kiasi cha kumkumbatia Ndalahwa, mtu aliyekufa maji zamani, na kumwacha Kahangwa wao.

Mwanamke aliyekuwa akisubiri dagaa aliweka kikapu chini. Anaitwa Limi, mkulima wa migomba na kahawa, aliyeolewa Kishanda, hukohuko Muleba.

"Nilimwambia, baba, huyo Ndalahwa unayesema amekufa maji, asubuhi hii nimemwacha anakunywa uji," anasema Limi akicheka. "Ni baba yangu mzazi."

Ndalahwa, mzaliwa wa Usukumani, alikuja ziwani kuvua akiwa kijana, akapigana ndondi miaka michache, kisha akazama katika maisha ya kambi za visiwani, leo huku, kesho kule. Mtumbwi mmoja ulipopotea na dhoruba, Bukoba walisikia naye alikuwamo. Hakuwamo. Masikio yalipoanza kumsumbua, binti yake alimchukua akaishi naye Kishanda.

Twaibu hakumaliza kuuza siku hiyo. Alifunika dagaa zake na kuja moja kwa moja Kitendaguro.

"Hatukuombana msamaha," anasema Ishengoma. "Alisimama mlangoni akasema, 'Ndalahwa yuko hai.' Nikamwambia, ingia kwanza ule."

Jumamosi baada ya Krismasi, Ndalahwa aliingia nyumbani kwa Ishengoma akiwa amevaa koti zito, ameshikwa mkono na Limi. Wazee hawa walikutana ulingoni mara moja tu, mwaka 1986, na Ndalahwa alishinda kwa KO. Alimtazama mwenyeji wake kwa muda mrefu, kisha akaangalia ule mguu ulionyooka.

"Hilo goti si mimi?" aliuliza kwa wasiwasi.

"Si wewe, mzee wangu. Ni tetemeko."

"Afadhali," alijibu, ndipo akaketi.

Baada ya kula ebitoke, yaani ndizi za kupika, na samaki, kadi zilipangwa mezani. Limi alimsomea baba yake kadi yake, akipaza sauti sikioni: ngumi sita, pumzi nne, kidevu tano. Kwenye ngumi mzee alitikisa kichwa kukubali. Pumzi, akakubali. Kwenye kidevu akainua mkono.

"Hapana. Kidevu changu kilikuwa yai," alisema. "Mimi nilikuwa nakimbiza kichwa, ndiyo maana watu hawakujua. Aandikiwe mbili huyo."

Ishengoma aliruka. "Lakini mimi nilikupiga kidevuni usiku ule, tena mara nyingi! Hukutikisika!"

"Ulinipiga bega," alisema Ndalahwa kwa upole. "Hili la kushoto. Liliuma wiki nzima, kama hilo linakufariji."

Annastella anasema alilazimika kuweka chini sufuria, kwa kucheka. Ishengoma alitaka kubisha zaidi, lakini Twaibu akamkata kauli: "Mwenye kidevu ndiye anayesema. Wewe una ushahidi gani?"

Kadi ikabadilishwa. Kwa kanuni zao, kadi ya namba moja ikirekebishwa, pambano lake na namba mbili hurudiwa hapohapo. Ndalahwa alirusha dado zake mwenyewe. Twaibu alimrushia marehemu Kahangwa.

Raundi za mwanzo zilikuwa za Ndalahwa, kama miaka yote. Twaibu alikuwa amekunja uso. Katika raundi ya sita akarusha, dado zikasimama zote mbili kwenye sita. Ishengoma alijumlisha, akarudia kujumlisha. Ngumi ya Kahangwa ilikuwa imefika kidevuni, na kwa alama mbili kidevu kile kisingeweza kusimama.

Kabla hajatamka, Ndalahwa alianza kujihesabia mwenyewe, akigonga meza kwa kiganja. Moja. Mbili. Tatu. Limi akaungana naye, kisha wote. Ilipofika kumi, Twaibu alichukua kijiko akagonga mfuniko wa sufuria, kama alivyokuwa akigonga kengele zamani, kisha akainamisha uso mezani akalia.

Gazeti hili lilipomuuliza Ndalahwa, kwa msaada wa Limi, kama alijishusha ili kuwafurahisha wenzake, mzee alikasirika kidogo.

"Nimesema kweli. Ningependa kubaki namba moja, nani asiyependa? Miaka yote hii nilidhani hakuna anayekumbuka hata jina langu. Kumbe huku watu wanagombana kwa ajili yangu. Wabeja, asanteni, wabeja sana."

Sasa Kahangwa ndiye namba moja, na Ndalahwa ni wa pili. Kura ya tatu amepewa Ndalahwa, na tathmini ya mwaka huu itafanyika nyumbani kwa Limi, Kishanda.

Ishengoma anaichukua sketi nyingine, anauma uzi. Anasema hana la kumdai Mungu.

"Mke alinipa mikono. Marafiki walinipa Jumapili. Kasinge waitu, nashukuru tu."

Ila ana jambo moja analolitaka. Katika kadi zake kuna majina ambayo hana hakika kama wenyewe wako hai au la, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza. Twaibu amesikia kwamba mmoja wao, Mhoja, anaonekana mara kwa mara kwenye mwalo mmoja wa wavuvi upande wa Muleba, akishona nyavu. Wamekubaliana kwenda wote wawili mwezi ujao, sare za shule zikipungua.

"Mhoja ni wa tano," anasema Ishengoma, akikanyaga tena kwa mguu wake mmoja. "Nafasi ya tano si mchezo. Nataka aisikie kwa masikio yake."