Kisamvu cha Mama, Temeke

Juzi wajukuu wangu walikuwa wakitazama mapishi kwenye televisheni na kumkosoa mpishi: kitunguu kimeungua, nazi imezidi. Mie puani nikasikia harufu ya karanga na moshi wa kuni, ya Temeke enzi za Mwingereza.

Mama alitoka Masasi kuja kuolewa, na majirani walimwita "yule mgeni wa kusini". Alasiri moja, nikiwa mtoto mdogo, kwenye ukumbi ambako kina mama wa mtaa walifundishana mapishi, zamu ya kupika mbele ya wenzake ilimfikia. Walikaa mkekani wakimtazama. Alitwanga karanga, akaungia kisamvu. Nikasikia wakinong'onezana, "Kisamvu bila nazi?" Mama akaendelea kukoroga.

Wakaonja. Kisha Bi Mwanaidi, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, akasogeza sahani yake.

"Mwenzetu, hebu nitilie tena."

Mama akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Nikadhani ametukanwa. Nikamrukia Bi Mwanaidi nikilia, "Mwache mama yangu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mama akacheka huku machozi yakimtoka.

Sikujua kwamba tangu aje mtaani pale, hakuna aliyewahi kumwita mwenzetu. Tulirudi nyumbani jua likiwa bado kali, kanishika mkono, akiitikia salamu mlango kwa mlango. Hadi leo natamani kuisikia tena sauti ile aliyoitikia nayo, sauti ya mtu aliyefika kwao.