Alama ya Mizinga ya Babu

Mtu aliyetoweka na kiondo cha Shangazi Kalekye mjini Nairobi aliijua alama ya mizinga ya nyuki ya ukoo wetu. Ndiyo sababu safari yetu ilipitia Nunguni, mahali ambapo hatukuwa tumepanga kufika.

Tulitoka kijijini kwetu Tulia, Kitui, kwa sababu Shangazi alitaka kuuona mji mkubwa. Marehemu mumewe alikuwa amemwahidi safari hiyo. Alitia koti la mumewe kiondoni, apigwe picha nalo mbele ya maghorofa. Majirani walituonya: msisimame kutazama juu, shikeni mizigo kifuani, msimpe mgeni chochote.

Nairobi tulifika kabla ya adhuhuri. Shangazi alibeba kiondo mgongoni, mshipi ukipita kwenye paji la uso kama nyumbani. Kijana mmoja alitusogelea, akasema kwa Kikamba, "Mwaitu, mama yangu, hapa watakikata kwa chini na hutajua. Nikubebee."

"Wewe ni wa nani?"

Akajitaja: Mutua, kutoka Nunguni. Akataja na ukoo wetu.

"Hata waongo wana ukoo," Shangazi alisema. "Baba zetu walichora nini kwenye mizinga?"

Kijana akachuchumaa, akachora vumbini mshale na mistari miwili kando yake. Shangazi akavua mshipi, akampa kiondo.

"Shangazi, tuliambiwa..."

"Tuliambiwa mgeni. Huyu ni mgeni?"

Mbele kidogo, askari wa kanjo, wale wa jiji, waliwavamia wachuuzi. Watu walikimbia na matunda yao, wakapita katikati yetu. Njia ilipotulia, Mutua hakuwepo. Tulimngoja hapohapo hadi kivuli cha jengo kikatufunika. Mpiga picha wa barabarani alipotuita, Shangazi alimpa mgongo.

Wakati wa kurudi aliliacha basi la Kitui. Tulipanda la barabara ya Mombasa, tukashuka kituo cha Salama, kisha lori likatupandisha milimani hadi Nunguni. Baridi ilituuma masikio. Sokoni tuliuliza watu wa ukoo wetu, tukaelekezwa kwa mama aliyekuwa akipepeta maharagwe uani.

"Una mwana anaitwa Mutua, yuko Nairobi?" Shangazi akauliza.

Ungo ulisimama. "Mmemwona? Alikuwa na viatu?"

Nilimtazama Shangazi. Njia yote alikuwa akipanga maneno makali.

"Alikuwa navyo," akajibu. "Tena alinibebea mzigo."

"Wee Nduku! Njoo usikie, yuko hai!" mama akamwita jirani, huku akicheka na kufuta machozi. Tangu mvua za zamani hakuwa amepata habari zake. Alitupikia uji. Mzinga ulioning'inia nyuma ya jiko ulikuwa na mshale na mistari miwili.

Wanaokwenda Nairobi mimi huwaambia wasimpe mzigo hata ndugu. Shangazi akinisikia huuliza kama askari wale hawakumkamata Mutua siku ile.

Koti halijarudi. Mutua naye hajafika kwao, na kila anayetoka Nunguni hutuletea swali lilelile la mama yake: je, tumemwona tena?