Mtaro wa Shimo la Nne, Ujiji

Maji yalinifika kidevuni. Chini kulikuwa na turubai la plastiki, kila nikisimama nateleza, na goti la kushoto lilishageukia upande usio wake. Hatua kumi mbele yangu bendera ya shimo la nne inapepea tu. Nife kwa ajili ya kimpira kidogo kuliko yai?

Nianze mwanzo. Nimebeba mikoba ya gofu Tabora tangu kijana. Hamisi, kedi mwenzangu wa zamani, akanipigia simu kutoka kwao Ujiji: tuna kiwanja chetu cha mashimo sita, kamati inagombana, njoo utuamulie. Mbele ya griini, lile duara lenye shimo, kuwe na kizuizi au njia iwe wazi?

Treni iliniteremsha Kigoma asubuhi. Hamisi akanipokea na bajaji, akazicheka mvi zangu mpaka Ujiji. Mkewe alinipikia samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese, nikala hadi nikaona aibu.

Mchana tukashuka ufukweni. Griini zao ni mchanga uliochanganywa na oili chafu, ukashindiliwa. Mbele ya shimo la nne Bi Zaituni alikuwa ameanika dagaa, eneo lenye ukubwa wa chumba na sebule. Nikauliza mbona hawamwondoi.

"Tumwondoe aende wapi?" Hamisi akasema. "Ukiangusha mpira kwenye dagaa, unamsaidia kugeuza."

Nikapiga, nikaangusha. Bi Zaituni akanipa reki yake ndefu. "Karibu kazini, mtaalamu wa Tabora."

Niligeuza dagaa nikinuka na nikicheka. Ndipo nikaelewa shimo lile. Mwenye nguvu anarusha mpira juu ya dagaa. Sisi wenye mikono iliyochoka tunapita kushoto, penye uwazi anaoupitia Bi Zaituni na beseni lake, na tunapoteza pigo moja tu. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawatoki, dagaa hakuna, na wachezaji wenyewe wanalalamika shimo halina ladha. Jioni nikaiambia kamati: kizuizi kinanogesha, mradi kionekane na kiache pa kupita. Waacheni dagaa.

Katibu Method, anayetaka kiwanja kifanane na vya kwenye televisheni, akasema mgeni hana kura.

Kesho yake tulipanda boti kwenda Mwamgongo kwa wakwe wa Hamisi. Siku nne za kupendwa, sina la kusema zaidi.

Tuliporudi, dagaa hawapo. Method alikuwa amechimba mtaro kukata mbele yote ya griini, akatandika turubai, akavuta maji ya ziwa kwa pampu, na juu akamwaga magugumaji yapendeze. Niliufuata mpira wangu kushoto, kutafuta njia yangu. Nikadhani amepanda majani, nikakanyaga.

Aliyenitoa ni Bi Zaituni, kwa mpini wa reki ileile. "Shika, mtaalamu," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Nimerudi Tabora mguu umenyooshwa kwenye kiti cha treni, na kifurushi cha dagaa wake mapajani. Bi Zaituni amehamishiwa kwenye mawe, na dagaa wanaungua upande mmoja.

Method, goti langu nitaishi nalo. Lakini ile njia ya kushoto uliiziba kwa ruhusa ya nani? Simama mbele ya kamati, Bi Zaituni akiwepo na reki yake, umjibu yeye.