Mwana Aliyefanywa Mgeni

Mahindi makavu yakinyunyiziwa maji kidogo kisha yakatwangwa, hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo: harufu ya ganda linaloachana na kiini, iliyo karibu na ile ya udongo uliopata mvua ya kwanza, ila yenye utamu ndani yake. Wiki iliyopita niliinusa nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Machakos mjini. Alikuwa akitwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa ganda. Nilisimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, hata akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimwambia hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa Mitaboni, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, mwaka niliokuwa darasa la nne.

Ni haki nieleze kwanza hali ilivyokuwa, kwa maana bila hali hiyo kisa chenyewe hakieleweki.

Bibi, ambaye sisi Wakamba humwita Susu, aliishi kwenye mteremko. Hapakuwa na kitu chochote ulichokihitaji kilichokuwa usawa wa mlango wake. Kisima kilikuwa bondeni, shamba juu ya nyumba, kanisa juu zaidi, na soko ng'ambo ya pili. Aliyetaka chumvi alishuka, akapanda, akashuka, akapanda tena, na alipofika nyumbani aliambiwa kwamba kiberiti nacho kimekwisha. Tulikalia vigoda vya miguu mitatu visivyo na mgongo, na hakuna aliyeketi muda mrefu kuliko kazi aliyokuwa nayo mikononi. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama. Jioni tulikula isyo, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, au muthokoi na majani ya kunde. Sahani ilikuwa moja kwa kila mtu. Hatukukatazwa ya pili. Chungu chenyewe kilikuwa kimekwisha. Giza lilipoingia vyombo vilikuwa vimeoshwa, na baada ya sala hapakuwa na la kufanya ila kulala. Sukari ilikaa juu ya kabati, ndani ya mkebe, na ilishuka siku ya mgeni.

Katika nyumba hiyo hapakuwa na mtu mnene. Wala hakuna aliyeuhesabu wembamba wetu kuwa sifa. Tulikuwa wembamba kama mbuzi wa Susu walivyokuwa wembamba, kwa sababu ya mahali tulipoishi na kazi tuliyoifanya. Kilichokuwa na maana ni unene, nao tulikuwa nao katika ukoo: ulikuwa wa baba yangu.

Baba alikuwa mwana pekee wa Susu. Alikwenda Athi River akiwa kijana, akaajiriwa kiwandani kubeba mifuko, kisha akapandishwa ngazi hadi kusimamia ghala akiwa juu ya kiti chenye magurudumu, na mwili wake ukapanda cheo pamoja naye. Yeye na mama waliishi huko katika chumba kimoja. Mimi niliachwa Mitaboni kwa ajili ya shule. Kila Krismasi alipokuja, Susu alihakikisha kwamba wanaingia kanisani wakati watu wote wamekwisha kuketi. Wanawake walivitazama vifungo vya shati lake vilivyokuwa vikijitahidi, wakanong'onezana kwamba mji umemkubali. Susu alikuwa akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hata mimi, mtoto, niliuona kuwa si wa kweli.

Mwaka huo Baba alikuja mwanzoni mwa Agosti, peke yake, akiwa na likizo ya ugonjwa. Jioni hiyohiyo alimweleza mama yake, nami nikiwa nachambua kunde kando yao. Alikuwa akinywa maji bila kukata kiu. Macho yalikuwa yameanza kuona ukungu. Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa amemkuta na ugonjwa wa sukari, akamwambia kwamba ni lazima mwili upungue. Alimpa dawa na muda wa miezi mitatu, na kama hali haitabadilika ataanzishiwa sindano, tena hawezi kumwahidi lolote kuhusu macho. Baba alikuwa ametafakari jambo hilo, akaona kwamba mahali pa kupungua ni nyumbani, ambako hakuwahi kumwona mtu mnene.

Susu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaushusha mkebe wa sukari kutoka kabatini, akampelekea jirani. Tangu siku hiyo chai ya Baba ilitiwa asali.

Msicheke upesi. Asali kwetu ni dawa ya kikohozi, ya vidonda, na ya mtoto asiyelala. Inatoka mzingani, si dukani, na daktari alikuwa ametaja sukari tu. Susu alitii neno kwa neno. Na kwa kuwa mgonjwa ni mtu wa kulishwa, alichinja jogoo siku ya pili na mtetea siku ya tano. Alipika chapati, ambazo mimi nilizijua kwa harusi. Aliazima kiti chenye mito kutoka kwa mwalimu mmoja, akakitandika vitambaa vya kufuma, akakiweka kivulini, na Baba akaketishwa humo. Alipoinuka kushika jembe, Susu alimpokonya. Mwana aliyetoka mjini akionekana na jembe, watu watasema amefukuzwa kazi. Na mwana akiondoka kwa mamaye akiwa amekonda, watasema mama alimnyima chakula. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake, nayo hayakuwa mambo madogo kijijini kwetu.

Hivyo ikawa kwamba katika nyumba ambayo kila mtu alishuka na kupanda mlima, mmoja peke yake hakushuka wala hakupanda, naye ndiye aliyekuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Alijaribu kwa njia ya pembeni: aliacha nusu ya sahani, na Susu akalia; Baba alisema anataka kunyoosha miguu, na Susu akanituma mimi nimletee alichokuwa anakifuata. Wiki ya tatu ilipotimia alikwenda hospitalini kupimwa. Aliporudi hakuketi kwenye kiti. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mwaitu," alisema, kwa maana ndivyo mtu wetu anavyomwita mama yake, "nimezidi kuliko nilivyokuja. Sukari pia imepanda. Leo nimeshindwa kusoma bango la hospitali mpaka nikalisogelea."

Susu alijibu kwamba hospitali hizo nazo zina mizani mibovu. Kisha akaingia jikoni, nikamsikia akipanga kuni ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Sasa yafaa niseme habari za mwethya. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana. Kila kaya hutoa mtu mmoja, na kila Jumanne na Ijumaa kikundi huzunguka shamba hadi shamba kuchimba matuta ya kuzuia maji kabla ya mvua za Novemba. Kaya isiyotoa mtu haichimbiwi. Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake wengi na wazee wawili, kikiongozwa na Mama Kamene, mjane mrefu mwenye sauti kavu, ambaye alipima urefu wa mtaro kwa mpini wa jembe lake na hakuwahi kukosea. Susu hakuwahi kukosa siku hata moja. Lakini wiki ile ya vipimo aliteleza kisimani, goti likavimba, na Jumanne ilipofika hakuweza kusimama. Alitaka kunituma mimi. Baba alilichukua jembe nyuma ya mlango, akatoka, na kwa kuwa Susu hakuweza kumkimbilia, akafika.

Nilimfuata, kwa kuwa shule zilikuwa bado zimefungwa. Nakumbuka kicheko. Hakikuwa cha chuki, ila kilikuwa kirefu. Mmoja alisema Baba Mwende, kama walivyomwita kwa jina langu, analipapasa jembe kama bwana harusi. Mwingine aliuliza kama kiwandani wanachimba kwa kijiko. Baada ya nusu saa Baba aliketi juu ya jiwe, akihema, shati limelowa mgongo mzima. Mama Kamene alimpa kazi ya kubeba mawe ya kukingia ukingo. Alibeba mawe hadi adhuhuri. Mikono yake ilitoka malengelenge, akaifunga kwa leso, akaendelea.

Ijumaa alikwenda tena. Jumanne iliyofuata akaenda tena. Na kila mara, ifikapo saa nne, Susu alinipa chupa ya chai yenye uji mzito wa maziwa na asali, akaniagiza nimpe Baba faraghani. Nilifanya hivyo kwa moyo wote. Nilimwona baba yangu akiteseka mbele ya watu, na uji ule ulikuwa ndio upendo pekee niliouona siku nzima. Naye aliunywa; sasa naelewa kwamba hakutaka kumfanya mtoto arudi na chupa iliyojaa. Mara ya tatu Mama Kamene alinishika mkono njiani, akafungua kizibo, akanusa.

Alirudisha kizibo taratibu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Huyu amepewa jembe na bado ni mgeni. Rudisha hii nyumbani, mama. Hapa tunakula kiazi kimoja na maji, sisi sote."

Jioni alikuja kwetu. Susu alimkaribisha kwenye kile kiti chenye mito, naye akavuta kigoda. Walizungumza kwanza habari za goti, kisha za mbuzi, kisha za mvua, kwa utaratibu unaostahili. Hatimaye nilimsikia Susu akisema kwamba yeye hawezi kumtoa mwanawe mbele za watu akiwa mifupa mitupu; watamcheka.

"Tutakucheka," Mama Kamene alikubali. "Mimi nitakuwa wa kwanza. Lakini si mtu hucheka mwezi mmoja, miwili, akachoka? Huyo akipofuka utamwongoza na fimbo mpaka lini? Wewe uko na miaka mingapi?"

Mgeni wake alimaliza chai, akashukuru, akaenda zake.

Asubuhi niliamka nikakuta kiti hakipo. Kilikuwa kimerudishwa kwa mwalimu. Mezani hapakuwa na chai ya asali wala chapati. Baba alipotoka chumbani, Susu alikuwa ameketi kizingitini, goti limefungwa kitambaa, akiutazama uwanja badala ya kumtazama yeye.

"Mutua," alisema, "maji yameisha. Ukitoka kisimani, kuna mahindi ya kutwanga."

Nililia. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa na hakika kwamba nimeshuhudia mama akimfukuza mwanawe kwa maneno machache. Hakumpa pole. Alimpa sahani kama yangu, isyo na kunde, na chungu kikawa kitupu. Niliificha nusu ya kiazi changu cha mchana ndani ya mkoba wa shule, nikampelekea Baba nyuma ya zizi. Alikitazama, akanirudishia.

"Kula wewe," alisema. "Mimi nipishe nichote maji."

Alichota maji asubuhi na jioni. Alitwanga vibaya, akitawanya nafaka, kuku wakimfuata kama mfadhili. Alikwenda mwethya siku zote mbili za wiki, na Susu alipopona alikwenda pia, kaya moja watu wawili. Alikula mapema na kulala mapema, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuishi katika nyumba ile. Mwezi wa Oktoba shati la kanisani lilimning'inia. Watu walimtazama kama walivyomtazama zamani, ila minong'ono ilikuwa mingine. Mwanamke mmoja alimwuliza Susu mlangoni pa kanisa, kwa sauti ya huruma iliyosikika hadi kwenye kengele, kama mwanawe amefutwa kazi. Susu hakuinamisha kichwa.

"Yuko kwangu," alisema. "Anachota maji."

Nimetumia miaka mingi ya maisha yangu vitabuni, na nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu namna watu wanavyobaki wembamba: watembee, wale nyuzinyuzi, wasile usiku, walale vya kutosha. Yote ni kweli, na yote yalikuwepo kwenye mteremko wa Mitaboni bila mtu kuyataja. Lakini hakuna kitabu kilichoniambia nilichokikosa nikiwa na miaka kumi: kwamba desturi za nyumba humponya yule tu aliyeruhusiwa kuingia ndani yake, na kwamba Susu alikuwa amemweka mwanawe nje kwa kumheshimu. Kumrudisha ndani kulimgharimu kitu pekee alichokuwa nacho cha kujivunia mbele ya majirani. Alikitoa asubuhi moja, akiwa ameketi kizingitini, na hakumtazama usoni kwa sababu, naamini, angemtazama asingeweza kukimaliza alichokianza. Mimi niliuona ukatili. Baba, aliyekwenda kisimani bila kuuliza swali, nadhani aliona sawasawa.

Mwisho wa Oktoba alipimwa tena. Mwili ulikuwa umepungua, sukari imeshuka, na daktari alisema sindano haitahitajika, ila aendelee na vidonge na vivyo hivyo alivyokuwa akiishi. Ukungu wa macho uliondoka. Mvua zilipoanza, matuta yetu yalikuwa tayari, na Baba alirudi kazini Jumatatu iliyofuata.