Orodha ya Masaji na Mgongo wa Mama

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mama yangu anajua zilipo kuliko ninavyojua mwenyewe. Wiki ile alizichokoza zote. Alikuwa kwangu Rwezamenyo, hapa Kigali, zimebaki siku nne twende kupumzika Rubavu, kwenye mchanga wa Ziwa Kivu, na hoteli ilikuwa imenitumia kwenye simu orodha ya masaji ili tuchague mapema. Kuchagua kitu kimoja tu, jamani.

"Chagua wewe, mwanangu," akasema. "Mimi yoyote."

Yoyote! Ukilelewa na mama wa Kinyarwanda unalijua neno hilo. Atapokea, atashukuru kwa mikono miwili, kisha kitu chenyewe utakikuta kwa mtu mwingine. Vitenge nilivyomnunulia vyote wanavaa wadogo zangu.

Safari hii nilikuwa nimeapa. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, mama ndiye aliyekuja kunikanda. Hiyo ni kazi yake. Wazazi wa mtaa wetu mpaka kule Kimisagara wamepita mikononi mwake, Waislamu kwa Wakristo. Maji ya moto, taulo, samli ya ng'ombe, asubuhi na jioni, siku arobaini. Nililia, nikamwita mkatili, siku moja nikamtupia lile taulo. Aliliokota akalichovya tena. Sasa mtoto anatembea, na mama vidole vimekakamaa, hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Nilitaka mara moja tu katika maisha yake alale yeye, mwingine afanye kazi. Hatorudi Kigali hajakandwa, nilisema, hata kama itabidi nimshike miguu.

Basi nikamsomea orodha. Mawe ya moto. "Mawe? Nimekosa nini?" Asali na kahawa. Akasema asali ni chakula, anayejipaka chakula hajawahi kulala njaa. Matope ya ziwani. "Matope si yamejaa kule Gatsata, bure kabisa?" Masaji ya watu wawili, kitanda kimemwagiwa maua ya waridi. Hapo alinitazama tu, nikapita haraka.

Siku ya tatu nikapandisha hasira. "Mama, utanitia wazimu! Watu wanalia wapate likizo, wewe unakagua mawe! Sema unachotaka!"

Alivaa miwani, akachukua simu mwenyewe, akashuka na kidole mstari kwa mstari, midomo inacheza. Karibu na mwisho kidole kikasimama.

"Hii."

Nikachungulia. Masaji ya mama aliyejifungua.

Loo, nilicheka! Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. "Mama wee, hiyo ni ya wazazi! Wewe una miaka sitini, wajukuu saba, utawaambia umejifungua nini?"

"Kwani mimi sikuzaa?"

Alisema polepole, wala hakukasirika. Kisha akavua miwani.

"Nilipokuzaa wewe kule Bukoba, mama yangu alikuwa amebaki huku Rwanda. Baba yako kazini, na hata angekuwepo, hiyo si kazi ya mwanamume. Majirani sikuwazoea, lugha yao sikuijua. Siku ya tatu nikachemsha maji mwenyewe. Tumbo nililifikia. Mgongo sikuufikia."

"Na kwa wadogo zangu?"

"Kwa wadogo zako nilishazoea."

Nilikaa pale pale sakafuni. Nilijiona mjinga, mjinga wa kupigwa makofi. Migongo yote ile aliyoikanda, wangu ukiwemo, na mimi nikimtukana, halafu wake ulikuwa ukingoja tangu siku ya tatu ya maisha yangu. Sikuwahi kumuuliza. Nampenda mama yangu kuliko kitu chochote, na sikuwahi kumuuliza.

Nikapiga simu hotelini, nikaweka sauti kubwa. Akapokea binti, Kiswahili chake cha hapa hapa Kigali.

"Hiyo iko na fomu, mama. Iko maswali kidogo. Aliyejifungua ni wewe?"

"Ni mama yangu."

Nilijua anafikiri nimelewa. Nikajiandaa kugomba, lakini mama alishasogea karibu na simu, kaketi wima, mikono mapajani, mfano wa mtu aliyeitwa mbele ya daktari. Yule binti aliposikia sauti yake akabadilika, akaanza kumwita mukecuru, kwa heshima ya wazee.

"Mukecuru, umejifungua lini?"

"Iko siku nyingi kidogo," mama akasema.

"Mtoto wa ngapi?"

"Wa kwanza. Ana miaka thelathini na tisa."

Nikasikia binti anavuta pumzi, kama anayetaka kucheka. Hakucheka. Nitamwombea dua yule binti mpaka nife.

"Sawa, mukecuru. Naandika. Wapi panauma?"

"Mgongo."

"Mgongo wote?"

"Wote."

"Sawa. Imebaki swali moja, tunaulizaga kila mzazi. Mtoto anaendeleaje?"

Mama akageuka akanitazama. Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja, mwingine nafuta uso kwa ncha ya kitenge, kamasi na vyote.

"Mzima," akasema. "Analia tu."