CD Zilizokatwa za Xiaobei

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga, nikimpangia mama kabati lake, nikakutana na CD moja iliyofungwa kwenye kipande cha kanga. Ukingoni ina pengo, kama andazi lililong'atwa. Nilikaa nayo sakafuni mpaka chai ikapoa.

Nilikuwa na miaka kumi tulipokwama Guangzhou. Ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye duka Kariakoo alikuwa na ndugu China. Mama alifuata viatu, akaenda nami kwa sababu bibi alikuwa ametangulia mbele ya haki na hapakuwa na wa kuniachia. Viza zilipokaribia kwisha, wakala mmoja mtanashati alichukua pasi zetu ili akaziongezee muda. Hatukumwona tena. Tukawa watu wa chumba kimoja, ghorofa ya sita, mtaa wa Dengfeng, pale Xiaobei, ambako Waafrika tulikuwa wengi na ukaguzi wa pasi ulikuwa mwingi vilevile.

Dirisha letu lilitazamana na ukuta wa jengo la pili. Ukinyoosha mkono unaugusa. Jua sikuliona, nililijua kwa nguo zilivyokauka. Kutoka chini ilipanda harufu ya mishikaki ya kondoo yenye bizari, wauzaji wakiita “lao ban, lao ban!”, bosi, bosi, na mlio wa utepe wa kufungia maboksi ukivutwa kutwa nzima. Watu walikuwa wakifunga mizigo kwenda makwao. Sisi tulisikia tu inavyofungwa.

Kazi yangu ilikuwa kuosha mchele bila kugonga sufuria. Chini kabisa palikuwa na saluni ya msusi Mkenya. Mama alimsaidia kusuka kwenye chumba cha ndani. Msusi akiona polisi wanaingia kwenye jengo letu, hugonga bomba la maji kwa kijiko mara tatu, na mlio hupanda hadi juu.

“Nikigonga, mnakuwa mawe, sawa?” alituambia siku ya kwanza. “Si mawe ya kubingirika. Mawe ya kaburi.”

Tukisikia bomba, feni inazimwa, mlango unafungwa, pumzi inabanwa.

Mlango wa pili kwetu aliishi mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, baba mnene wa vicheko. Hakupita mlangoni petu bila kugonga na kutania, “Wa humu ndani, mungali hai?” Siku moja alinunua, kwa kilo, gunia la CD za Kijapani huko karibu na stesheni ya treni. Zilikuwa za kampuni zilizokosa wanunuzi huko kwao, zikakatwa ukingoni kwa msumeno zisiuzike tena, zikaletwa kama takataka za plastiki. Yeye aliliona lile pengo akadhani ni mahali pa kupitishia kamba, CD zining'inizwe dukani. Hakujaribu hata moja kabla ya kununua. Alipojaribu baadaye, akaja kwetu ameshika kichwa.

“Mi nilizani ni miziki ya kucheza! Ma fille, binti yangu, hii si muziki, hii ni mabati inaanguka.” Akaniachia gunia, na kiredio chake cha CD chenye hedifoni.

Ndivyo nilivyoingia Japani bila pasi. Za zamani zilikuwa na picha za vijana wenye nywele ndefu, na gitaa lililovutwa hadi likalia kama waya wa umeme kwenye upepo. Za karibuni nyingine hazikuwa hata na wimbo: mngurumo kama wa friji, kisha kengele moja, kisha mngurumo. Niliyoipenda ilikuwa ya saksofoni. Ilianza kwa kunong'ona, ikagombana na ngoma, ikapiga kelele ambazo mimi sikuruhusiwa kupiga. Niliamini mpigaji yule amefungiwa peke yake kwenye chumba kama changu.

Mashine husoma CD kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo nyimbo za mwanzo zilikuwa nzima. Za mwisho ndizo zilizokatwa. Niliandika yote kwenye daftari: CD ipi, inafika wimbo wa ngapi, inakufaje. Ya saksofoni ilikufa katikati ya wimbo wa saba, na ikifika hapo kiredio chenyewe kilianza kugonga, tak-tak-tak, mpaka ukizime.

Alasiri moja ya joto niliacha mlango wazi kidogo nipate hewa, feni inazunguka, mimi nimefumba macho na hedifoni masikioni. Bomba liligongwa. Sikulisikia. Nilishtuka mkono wa mama umeshika mguu wangu, ambao nilikuwa nikipigia mdundo kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa ametoka saluni na kupanda ghorofa zote sita mbio. Feni ilikwisha zimwa, mlango umefungwa, na viatu vizito vilikuwa tayari kwenye ghorofa yetu.

Wimbo wa sita ulikuwa unaisha. Kile kiredio ukikibonyeza kuzima kilitoa mlio mkali. Ukikiacha kitafika wimbo wa saba na kugonga. Daftari langu lilinijulisha hatari ambayo mama hakuijua. Nilikilalia, tumbo juu yake, kanga ya mama juu yangu. Kikaanza kunigonga mbavuni kama kifaranga ndani ya yai.

Walibisha mlango wa pili.

“Polepole, patron, bosi wangu, niache nivae viatu,” tulimsikia jirani akisema. Kisha wakapita naye mbele ya mlango wetu. Siku hiyo alipita kimya.

Mama alilia akiwa ameuma kanga. Asubuhi alinisuka vizuri, akanivalisha gauni la Idi. “Mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema, akanishika mkono tukaenda kituo cha polisi wenyewe. Wiki kadhaa baadaye tulirudishwa nyumbani. Gunia lilibaki. Nilificha CD moja, ile ya saksofoni.

Jirani hatukupata habari zake tena. Msusi alihama, nasikia, na CD za mapengo haziuzwi tena, maana muziki siku hizi haushikiki mkononi.

Basi siku ile Tanga niliipiga picha CD, maandishi yake yakionekana, simu ikaipata albamu nzima mtandaoni. Niliiweka kwa sauti kubwa, madirisha wazi. Wimbo wa saba ukafika mahali pa pengo, ukapita. Saksofoni ilishuka taratibu, ikanyamaza. Kisha watu wakapiga makofi. Wengi, ukumbi mzima. Kumbe muda wote ule hakuwa peke yake.

Mama alitoka jikoni, mikono ikichuruzika maji ya mchele. Hakuwa amewahi kuusikia muziki huo hata siku moja.

“Punguza, mwanangu,” alisema, akitazama mlango. “Punguza.”

Nikapunguza.